Nyigu Aliyeshuka Ardhini

Sogeeni, wajukuu zangu. Zamani sana, dinosau walipokuwa wakitembea duniani, kulikuwa na wakati ambapo hapakuwa na sisimizi hata mmoja. Nyigu walikuwapo. Nyigu jike alikuwa mwindaji: anamchoma buibui au kiwavi, anamburura mpaka shimoni, kisha anamtagia yai. Mtoto akianguliwa, anakuta nyama iko tayari. Nyigu wa namna hiyo wapo hadi leo, na vijumba vyao vya udongo mmeviona ukutani.

Katika ukoo huo, tawi moja liliacha nyama likaanza kulisha watoto chavua ya maua. Hao ndio nyuki. Tawi jingine likakaa chini ardhini, majike wakaishi pamoja, na wafanyakazi wakawa wanazaliwa bila mabawa. Hao ndio sisimizi, siafu, sungusungu na majimoto.

Ushahidi upo. Mwaka 1966, huko New Jersey nchini Marekani, mtu na mkewe waliokota kaharabu, yaani utomvu wa mti uliogeuka jiwe. Ndani yake walikuwamo wafanyakazi wawili walionaswa yapata miaka milioni 90 iliyopita. Kiuno chao ni cha sisimizi, lakini taya ni fupi kama za nyigu! Wataalamu wakawaita Sphecomyrma, maana yake nyigu-sisimizi.

Hata leo damu ya ukoo haijapotea. Malkia wa sisimizi wa aina nyingi huzaliwa na mabawa, akaruka kutafuta mume, kisha akayakata mwenyewe na kuingia ardhini. Na mwiba? Kwa nyigu, nyuki na sisimizi, mwiba ulitokana na mrija wa kutagia mayai, ndiyo maana dume hachomi kamwe. Majimoto wa kwenye minazi wameupoteza. Wao huuma kwa meno, kisha hunyunyiza tindikali.

Lakini mchwa msimtie katika ukoo huu, ingawa naye ana malkia na wafanyakazi. Ndugu yake wa karibu ni mende.

Basi mvua zikinyesha, mkaona wadudu wenye mabawa wakimiminika kutoka ardhini, mtazameni mmoja kiunoni. Kikiwa chembamba kama uzi, huyo ni jamaa wa nyigu. Asipokuwa na kiuno, ni kumbikumbi, mtoto wa mchwa, leteni kikaango.