Mashine Ijifunzayo na Mchele wa Kagongwa

Mji mdogo wa Kagongwa, ulio katika Manispaa ya Kahama, mkoani Shinyanga, kwenye barabara kuu itokayo Isaka, unajulikana kwa mashine zake za kukoboa mpunga. Mkulima huleta magunia yake, mpunga hukobolewa, na mchele, chenga na pumba hutenganishwa. Mwishowe mtu mwenye uzoefu hutia mkono ndani ya gunia, hutandaza punje kiganjani na kutamka daraja la mchele huo. Uamuzi huo wa nukta chache ndio upangao bei, yaani malipo ya jasho la msimu mzima.

Siku hizi wafanyabiashara wa kila namna hushauriwa kuingiza akili mnemba katika shughuli zao. Jina lake la Kiingereza lilienea tangu mkutano wa wataalamu uliofanyika mwaka 1956 katika Chuo cha Dartmouth, Marekani, lakini jambo lenyewe halina muujiza. Programu ya kawaida ya kompyuta hufuata kanuni zilizoandikwa na mtu. Programu ijifunzayo hupewa mifano mingi iliyokwisha kutajwa majina: hii ni punje safi, hii ina doa, hili ni jiwe. Kisha hurekebisha namba zake za ndani, tena na tena, mpaka majibu yake yakaribiane na majina hayo. Haijui mchele ni kitu gani wala huliwaje. Inaijua mifano iliyoonyeshwa, basi.

Katika viwanda vikubwa vya mchele duniani zipo mashine za kuchambua punje kwa kamera. Punje huteremka katika mifereji membamba, kamera huzipiga picha zikiwa bado zinaanguka, na punje iliyokataliwa hupulizwa kando kwa hewa kabla haijafika chini. Mashine za zamani zilipima mwanga tu: punje iliyo nyeusi kupita kiwango ilitolewa. Zile mpya zaweza kufunzwa umbo na aina za madoa.

Muuzaji wa mashine ya namna hiyo aghalabu husifu usahihi wake kwa asilimia. Hapo hapana budi kukokotoa. Ichukuliwe kwamba gunia la kilo 100 lina kilo 3 za punje mbaya. Mashine isemayo kwamba punje zote ni nzuri itakuwa sahihi kwa asilimia 97, nayo haina faida yoyote. Sasa ichukuliwe mashine bora, inayokamata punje mbaya 95 katika kila 100, na kukataa kimakosa punje nzuri 2 tu katika kila 100. Itatoa kilo 2.85 za mchele mbaya. Lakini mchele mzuri ni kilo 97, kwa hiyo itatupa pia kilo 1.94 za mchele mzuri. Katika kila kilo 10 zilizokataliwa, karibu 4 ni halali ya mkulima. Ndiyo sababu kiwanda makini hupitisha makapi hayo mara ya pili. Mwenye kiwanda asiyefanya hesabu hii ataona gunia jeupe na kufurahi, huku hasara ikiwa juu ya mwingine.

Jambo la pili ni chimbuko la mifano. Mashine iliyofunzwa kwa mchele wa nchi nyingine yaweza kuuona mchele wa Supa au SARO 5 kuwa na kasoro, kwa kuwa rangi na umbo ni tofauti. Vumbi la pumba juu ya kioo cha kamera hutosha kuipotosha. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania na Taasisi ya Kimataifa ya Kilimo cha Kitropiki walitoa mwaka 2017 taarifa ya programu ya kutambua magonjwa ya mihogo, iliyofunzwa kwa picha zilizopigwa mashambani Tanzania. Katika majaribio ya picha ilifanya vizuri mno. Ilipowekwa ndani ya simu na kupelekwa shambani, uwezo wake ulipungua, hasa kwa majani yenye dalili hafifu.

Tanzania imewahi kulipia somo la aina hii. Kompyuta ya kwanza nchini iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 hesabu za serikali zilihamishiwa katika mashine mpya, na kazi ikaharibika, kwa sehemu kutokana na uhaba wa watu waliofunzwa. Mwaka 1974 uingizaji wa kompyuta ulipigwa marufuku, na marufuku hiyo ilichukua miaka mingi kulegezwa.

Kwa mwenye mashine ya kukoboa, basi, kazi huanzia kwenye daftari: tarehe, aina ya mbegu, unyevu wa mpunga, uzito ulioingia, uzito wa mchele na wa chenga uliotoka. Kumbukumbu za misimu miwili zaweza kuonyesha kwamba chenga nyingi zinatokana na mpunga uliokaushwa kupita kiasi juani, kwani mpunga hukobolewa vizuri ukiwa na unyevu wa asilimia 14 hivi. Dawa yake ni turubai, kivuli na kipimo cha unyevu. Akili mnemba haihitajiki hapo, ingawa hakuna muuzaji atakayelisema hilo.

Ikiwa swali limebaki, mashine ijaribiwe kwa msimu mmoja sambamba na wachambuaji wa mikono, ambao wengi ni wanawake, na gunia lile lile lipimwe na pande zote mbili. Wao ndio wenye kujua majina ya punje; wakiondolewa kwanza, hakuna atakayeifunza wala kuisahihisha mashine. Mkulima naye abaki na haki ya kudai gunia lake lipimwe upya na mtu.

Walimu wa sekondari waweza kulionyesha jambo hili darasani bila umeme. Punje 200 za mchele zihesabiwe na kupewa namba juu ya karatasi. Wanafunzi wawili, kila mmoja peke yake, waandike ipi nzuri na ipi mbaya, kisha orodha zilinganishwe. Punje walizotofautiana ndizo ambazo hata mashine ya gharama kubwa itakosa mwalimu wa kuifunza.