Muuza Vitabu na Awe Mshauri wa Wasomaji

Wahenga walituachia methali isemayo kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa samaki wa ziwani methali hii ni kweli, maana mnunuzi humwona na kumgusa kabla ya kutoa pesa. Kwa kitabu si kweli hata kidogo. Uzuri wa kitabu umefungiwa ndani ya jalada. Sharti pawe na mtu aliyekwisha kukisoma, amwambie mwenziwe: hiki kitakufaa.

Katika Masara, na katika Migori na Homa Bay kwa jumla, mtu huyo ni nadra. Duka la vitabu aghalabu ni duka la madaftari, kalamu, Biblia na vitabu vya marudio ya mitihani. Si kwamba wenye maduka wanaichukia fasihi. Kwa miaka mingi riziki yao ilitegemea vitabu vya kiada, na mzazi alikuja na orodha kutoka shuleni. Kazi ya muuzaji ilikuwa kunyosha mkono rafuni tu. Kwanza ikaja Sheria ya VAT ya 2013, iliyovitoza vitabu kodi ya asilimia 16. Kisha, mwaka 2018, serikali ikaanza kununua vitabu vya kiada kwa wachapishaji na kuvifikisha shuleni moja kwa moja. Wanafunzi walinufaika, lakini maduka mengi nchini yalipoteza mhimili wake.

Ni pigo, naam. Hata hivyo, ndipo muuza vitabu anapoweza kuirejea kazi yake ya asili, nayo ni kupendekeza. Kitenzi hiki kimezaliwa na 'penda', kikaongezwa viambishi vinavyokipa maana ya kukifanya kitu kipendeke. Lugha yenyewe yatufunza kwamba asiyekipenda kitabu hawezi kukipendekeza, na asiyekisoma hawezi kukipenda.

Apendekeze nini, basi? Kwa watu wazima ipo riwaya ya Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyetunukiwa Nobeli ya Fasihi mwaka 2021. Paradise, aliyoitoa mwaka 1994, ilifasiriwa na Ida Hadjivayanis na kuchapishwa na Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam mwaka 2022 kwa jina la Peponi. Ni kisa cha mvulana aliyewekwa rehani kwa tajiri kwa sababu ya deni la babake, akafuatana na msafara wa biashara hadi bara. Msomaji wa Migori, aishiye karibu na mpaka wa Tanzania, hatajiona mgeni humo.

Kwa watoto ipo hadithi ya hayati Ngũgĩ wa Thiong'o kuhusu ugomvi wa mikono na miguu, na jinsi binadamu alivyoanza kutembea wima. Iliandikwa kwa Kikuyu, na mwaka 2016 Jalada Afrika ikaitoa kwa lugha nyingi, Kiswahili na Kijaluo zikiwemo. Mtoto aliyesimuliwa na nyanyake habari za Simbi Nyaima, ziwa ambalo masimulizi yasema lilikimeza kijiji kilichomnyima bibi kizee hifadhi, yuko tayari kabisa kwa hadithi kama hiyo.

Wala upya wa kitabu si tarehe ya kuchapishwa pekee. Miaha, riwaya ya Kijaluo ya Grace Ogot, ilitoka mwaka 1983. Kwa kijana ambaye hajapata kuisoma, ni mpya kama mkate wa leo.

Kazi hii si ndoto. Asenath Bole Odaga, aliyefariki mwaka 2014, aliandika vitabu vya watoto, akaanzisha Lake Publishers mjini Kisumu na kuendesha duka la vitabu papo hapo. Aliwajua wasomaji wake kwa kuwa aliwauzia kwa mkono wake.

Kisipotokea kizazi cha wauzaji wa aina hiyo, kitabu cha lazima cha kidato cha nne kitaendelea kuwa kitabu cha mwisho maishani kwa wengi wa vijana wetu. Muuza vitabu na asome walau kimoja kila mwezi, akiweke karibu na mlango, na aeleze kwa lugha ya mteja wake kwa nini amekipenda. Nasi wanunuzi, tuingiapo dukani kutafuta daftari, tusitoke kabla ya kumwuliza: wewe mwenyewe umesoma kipi?