Gugu karoti: ua dogo jeupe lisilojua mipaka

Mfugaji anayeliona kwa mara ya kwanza kando ya barabara huenda akalidhani ua la kawaida la msimu wa mvua. Majani yake yamechanika kama ya karoti, na maua yake ni madogo, meupe. Nchini Tanzania huitwa gugu karoti. Wanasayansi hulitambua kwa jina la Parthenium hysterophorus.

Asili yake ni Amerika, hasa maeneo yanayoizunguka Ghuba ya Mexico. Huko kwao wapo wadudu na magonjwa yanayolidhibiti. Lilipohama, liliwaacha maadui hao nyuma.

Lilifikaje?

Gugu hili limesafiri na shehena za binadamu. Nchini India lilibainika katika miaka ya 1950, na inaaminika liliingia pamoja na nafaka kutoka nje. Kenya lilionekana kwenye mashamba ya kahawa katika miaka ya 1970. Ethiopia lilifuata katika miaka ya 1980, ambako nafaka za msaada hutajwa kuwa mojawapo ya njia zake. Uganda liliripotiwa mwaka 2008, na Arusha, Tanzania, mwaka 2010.

Kwa nini ni hatari?

Mmea mmoja unaweza kutoa mbegu zaidi ya 15,000. Mbegu hizo hubebwa na maji, kwato, magunia na matope ya magurudumu. Mizizi na majani yake hutoa kemikali zinazozuia mimea mingine kuota, hivyo malisho hupungua. Ng'ombe hulikwepa, anayelila kwa njaa hutoa maziwa machungu. Kwa binadamu, huweza kusababisha vipele, mafua ya mzio na pumu.

Jitihada za nchi moja hazitoshi

Gugu hili limeota pia kando ya Mto Mara, katika hifadhi ya Maasai Mara nchini Kenya. Mto huo hutiririka hadi Serengeti, Tanzania. Kinachoachwa kuchanua upande mmoja huweza kuota upande wa pili.

Ethiopia imewaachilia mbawakawa wenye asili ya Mexico, Zygogramma bicolorata, wanaokula majani yake. Kwa mkulima, njia iliyo karibu ni kuling'oa kabla halijachanua, akiwa amevaa glavu, na kuosha magari na zana zitokazo katika eneo lililovamiwa. Likishamwaga mbegu, kazi ya siku moja hugeuka kuwa ya miaka.