Jiko Letu la Makaa: Jinsi ya Kulitengeneza Lichome Vizuri na kwa Usalama



Baridi imeingia Doha. Jioni mtu anatafuta sweta, na kila ukipita karibu na bustani unasikia harufu ya nyama choma. Pikiniki yetu ya kufunga muhula nayo imekaribia, na najua wengi mnakumbuka ya mwaka jana. Kuku alikuwa mweusi nje, na karibu na mfupa bado mbichi. Moshi ulitufukuza hadi kwenye magari. Makaa ya mifuko mitatu yaliisha kabla samaki hajawekwa jikoni.

Mwanafunzi mmoja wa darasa la kati aliniuliza, "Mwalimu, jiko letu limeharibika?"

Hapana, halikuharibika. Ni jiko zuri la nusu pipa lenye kifuniko, ila lilikuwa linapoteza joto na kunyimwa hewa. Mwezi uliopita mimi na baba wawili wa wanafunzi tulilirekebisha kwa siku moja tu. Leo nitawaeleza tulichofanya na sababu zake, ili nanyi mkitaka mfanye hivyo kwa majiko yenu. Wanafunzi, someni pamoja na wazazi. Kule mwisho kuna kazi ya nyumbani.

Somo kutoka Shauri Moyo

Kwanza niwapeleke Nairobi kidogo. Zamani jiko la makaa lililokuwa nyumbani kwetu sote lilikuwa la bati tupu. Mombasa bibi yangu aliliita seredani, na majirani wengine walisema sigiri. Kasoro yake ni kwamba bati hupitisha joto upesi, kwa hiyo joto jingi lilitoka ubavuni likapotea hewani. Katika kila sehemu 100 za joto la makaa, zilizofika kwenye sufuria zilikuwa kati ya 10 na 20 tu. Nyingine zote zilimchoma mpishi miguu.

Mnamo Agosti 1981, Umoja wa Mataifa ulifanya mkutano mkubwa mjini Nairobi kuhusu vyanzo vipya vya nishati. Katika miaka hiyohiyo Wakenya walianza kulitengeneza upya jiko lao. Wazo moja lilitoka Thailand, ambako watu walipikia majiko ya ndoo ya bati yenye udongo wa kuchomwa ndani. Mmoja wa walioliendeleza wazo hilo hapa kwetu Afrika Mashariki ni Maxwell Kinyanjui, na waliolifua kwa nyundo ni mafundi wa jua kali, hasa wa soko la Shauri Moyo.

Jiko hilo halikufaulu mara moja. Udongo ulipasuka, na umbo la jiko likabadilishwa baada ya wapishi kulijaribu na kusema linalowasumbua. Mwishowe likapatikana lile tunalolijua: jembamba kiunoni, pana juu na chini, na kigae cha udongo katika nusu ya juu tu. Jiko hili hupeleka kwenye sufuria sehemu 25 hadi 40 kati ya 100. Makaa ni yaleyale na mpishi ni yuleyule, lakini gunia linadumu zaidi. Kutoka Kenya lilienea hadi Uganda, Rwanda na Ethiopia, na Tanzania likajulikana kama Jiko Bora.

Somo letu ni hili: ukitaka kuboresha jiko, usianze kwa kuongeza makaa. Tafuta kwanza joto linatorokea wapi.

Moto unakula hewa

Watoto, moto ni kama nyinyi, unahitaji kula na kupumua. Chakula chake ni makaa, na pumzi yake ni hewa. Hewa ya moto ni nyepesi, kwa hiyo hupanda na kutoka juu. Ikitoka, huvuta hewa mpya kutoka chini. Ndiyo maana jiko lolote zuri lina njia mbili: mlango wa hewa chini na tundu la moshi juu. Ukiziba ya juu, moshi unabaki ndani na nyama inapata uchungu. Ukiziba ya chini, makaa yanafifia.

Jiko letu lilikuwa na tundu la juu, lakini chini jivu lilikuwa limeziba kila kitu. Tulikuwa tunapepea kwa nguvu zetu zote, na kumbe moto hauna pa kupumulia.

Tulichofanya, hatua kwa hatua

*1. Tuliinua makaa kutoka kwenye jivu.* Tuliweka wavu imara wa chuma sentimita 8 kutoka chini. Makaa yanakaa juu ya wavu, jivu linaanguka chini, na hewa inapita katikati. Kama una muda wa kufanya jambo moja tu, fanya hili.

*2. Tulitoboa mlango wa hewa wenye kifuniko.* Fundi mmoja kule Sanaiya alitutobolea matundu matatu upande mmoja, chini, na kuweka kibati kinachoteleza ili kuyafungua na kuyafunga. Tundu la juu liko upande wa pili, kwa hiyo joto linalazimika kupita juu ya chakula kabla ya kutoka. Sheria tunayofuata ni rahisi: tundu la juu liwe wazi wakati wote wa kuchoma, na moto uongezwe au upunguzwe kwa kibati cha chini.

*3. Tuliziba mianya.* Kifuniko kilikuwa hakikai sawa, na moshi ulitoka pande zote. Tulinyoosha ukingo kwa nyundo, kisha tukabandika utepe usioungua, ule unaouzwa kwa ajili ya milango ya majiko. Mianya ikiwa mingi huwezi kuutawala moto, maana hewa inaingia inapotaka.

*4. Tuliweka matofali ya tanuri.* Hapa ndipo tulipoiga Shauri Moyo. Tulipanga matofali yanayotumika kwenye matanuri ya mikate, pembeni kuzunguka makaa. Yanachelewa kupata moto, lakini yakishapata yanautunza. Upepo ukivuma au ukifunua kifuniko, joto halishuki ghafla kama zamani. Msiokote mawe ya ufukweni badala yake. Jiwe lenye maji ndani linaweza kupasuka kwa kishindo likiwa motoni.

*5. Tuligawa jiko pande mbili.* Makaa yote sasa yanakaa upande mmoja, na upande wa pili ni mtupu. Mishkaki, ambayo ni vipande vidogo, inachomwa juu ya makaa. Kuku mzima au paja la mbuzi linaanzia upande mtupu, kifuniko kikiwa kimefungwa, liive polepole hadi kwenye mfupa. Mwishoni unalihamishia kwenye makaa kwa dakika chache lipate rangi. Kuku wa mwaka jana aliungua nje akabaki mbichi ndani kwa sababu tulimweka juu ya moto mkali tangu mwanzo.

*6. Tuliweka sinia la maji na kipimajoto.* Sinia linakaa upande mtupu, chini ya nyama. Linakinga mafuta yasidondokee motoni na linasaidia joto lisipande na kushuka ovyo. Kipimajoto kinakaa usawa wa nyama, maana juu ya kifuniko joto ni tofauti. Kwa kuchoma polepole kwa moshi tunakaa kati ya nyuzi 110 na 135 za Selsiasi. Kipimajoto kingine ni cha kuchoma ndani ya nyama. Kuku awe amefika nyuzi 74 sehemu iliyo nene zaidi, na kababu za nyama ya kusaga nyuzi 71. Msiamini rangi peke yake.

Kwa harufu tunatupia vifuu vya nazi vikavu, viwili au vitatu tu. Moshi mzuri ni mwembamba, karibu hauonekani. Moshi mzito mweupe ni dalili kwamba moto unakosa hewa.

Vitu vya kuepuka

Msitumie pipa lililowahi kubeba petroli au kemikali. Kulikata tu kunaweza kusababisha mlipuko. Msitumie rafu za friji kuukuu kama wavu wa kuchomea, kwa sababu baadhi zimepakwa madini yenye sumu. Mabati yaliyopakwa zinki pia msiyaweke karibu na makaa. Mbao zenye rangi au dawa si kuni za chakula. Na msikate matawi ya miti ya jangwani. Miti hiyo ni michache, nayo inalindwa na sheria hapa Qatar.

Kosa langu mwenyewe

Sasa naomba wazazi mnisikilize kama muuguzi.

Miaka sita iliyopita, mwezi wa Januari, tulipiga kambi Sealine. Tulichoma samaki, tukala, tukaimba. Usiku upepo ukawa mkali, watoto wakatetemeka. Jiko lilikuwa limebaki na makaa mekundu mazuri, hayatoi moshi hata kidogo. Nikamwambia mume wangu, "Liingize hemani, watoto wapate joto." Tukafunga zipu.

Baada ya muda binti yangu akasema, "Mama, kichwa kinaniuma." Kisha mdogo wake akatapika. Nikadhani ni samaki. Mimi mwenyewe nikaanza kusikia kizunguzungu, na niliposimama miguu ilikuwa mizito kama imejaa mchanga. Hapo ndipo nilipoelewa. Nilifungua hema, nikawavuta nje mmoja mmoja. Hospitali walitupa oksijeni, na kwa neema ya Mungu sote tulipona.

Makaa yanayowaka hutoa hewa iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu. Ukiivuta, inashikana na damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni inavyoshikana nayo, na mwili unakosa pumzi huku wewe unaona unapumua. Hata kile kifaa cha kubana kidole kinaweza kusoma kawaida, kwa sababu hakitofautishi hewa hizo mbili. Kipimo cha damu ndicho kinachosema kweli.

Nawaambia haya leo kwa sababu jiko letu jipya linatoa moshi kidogo. Jiko bovu lilitufukuza lenyewe, lakini zuri linatushawishi tuliingize ndani. Kukosekana kwa moshi si usalama. Jiko la makaa lisiingie hemani, chumbani, kwenye roshani iliyofungwa wala ndani ya gari, hata kama makaa yanaonekana yamekufa. Kufungua dirisha moja hakutoshi. Watu wawili au zaidi walio mahali pamoja wakiumwa kichwa au kusikia kichefuchefu kwa wakati mmoja, tokeni nje kwanza, kisha pigeni 999.

Siku ya pikiniki

Tutaweka jiko mahali palipotengwa kwa kuchomea, mbali na mahema, na upepo ukitupiga mgongoni. Watoto watakaa nyuma ya mstari tutakaouchora, hatua kumi kutoka jikoni.

Tukimaliza, hakuna kufukia makaa mchangani. Mchanga hauyazimi upesi. Unayaficha na kuyatunzia joto kwa saa nyingi, na anayeyakuta ni mtoto anayekimbia pekupeku. Tutayamwagia maji, tuyakoroge, tuyamwagie tena, kisha tuondoke nayo yakiwa baridi.

Mtu akiungua, weka mahali palipoungua chini ya maji ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20. Vua pete au bangili upesi kabla ya uvimbe. Dawa ya meno, siagi, unga na barafu havifai. Kama aliyeungua ni mtoto mdogo, au kidonda ni kikubwa au kiko usoni, mikononi au miguuni, nendeni hospitali.

Kazi kwa wanafunzi

Wakenya wengi husema makaa na Watanzania wengi husema mkaa. Maneno yote mawili ni sahihi. Jifunzeni pia haya: *jivu*, *cheche*, *koleo*, *kipepeo* (cha kupepea moto, si mdudu), *kifuu*, na *kubanika*, yaani kukausha au kuchoma samaki au nyama juu ya moto.

Angalieni vitenzi hivi: mimi *nawasha* moto, moto *unawaka*. Mimi *nazima* moto, moto *unazimika*. Tungeni sentensi nne kwa vitenzi hivyo.

Halafu mpigieni simu bibi, babu, shangazi au mjomba aliye nyumbani. Muulizeni: "Mlipikia jiko gani ulipokuwa mdogo, na mliliitaje?" Andikeni jibu lake kwa maneno yake mwenyewe, hata kama ni ya kwao ambayo hamyajui. Yaleteni darasani Ijumaa, tutayasoma kwa sauti.

Wahenga walisema, kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Anayeweza kuleta vifuu, wavu wa ziada au ndoo ya maji anijulishe baada ya darasa. Mahindi ya kuchoma nitaleta mimi.

Mwalimu wenu wa darasa la kati