Je, Wajua? Kombe na Kushuka Daraja Ndani ya Wiki Moja

Je, wajua kwamba Wigan Athletic ya Uingereza ndiyo klabu ya kwanza kutwaa Kombe la FA na kushuka daraja, yaani kuondolewa Ligi Kuu na kupelekwa ligi ya pili, katika msimu mmoja? Tarehe 11 Mei 2013, katika uwanja wa Wembley, kikosi cha kocha Roberto Martínez kiliishinda Manchester City, mabingwa wa ligi wa msimu uliotangulia, kwa bao 1-0 lililofungwa kwa kichwa na Ben Watson katika dakika za majeruhi, ambazo hufidia muda uliopotea mchezo uliposimama. Ushindi huo unastahili heshima ya pekee, kwani Watson alikuwa ameingia akitokea benchi, naye alivunjika mguu mwezi Novemba 2012.

Siku 3 baadaye Wigan ilifungwa na Arsenal mabao 4-1 na kushuka baada ya misimu 8 katika Ligi Kuu, ikamaliza ya 18 kwa pointi 36. Kombe huchezwa kwa mtoano, ambapo anayefungwa hutolewa, hivyo timu hodari kwa siku chache huweza kufika mbali, ilhali ligi ya mechi 38 hudai uthabiti wa miezi mingi. Kwa kuwa bingwa wa kombe hilo alipewa nafasi katika Ligi ya Europa, msimu wa 2013/14 Wigan ilicheza mashindano ya Ulaya ikiwa klabu ya daraja la pili.