Shura, Maji na Kipimajoto: Kupima Nishati kwa Umumunyifu

Nitrati ya potasiamu, yaani shura iliyotiwa kwenye baruti tangu zamani, ikimiminwa katika neli yenye maji na kutikiswa, neli hupoa mkononi. Ioni za potasiamu na za nitrati zilizoshikamana ndani ya fuwele haziachani bure: huhitaji joto, na joto hilo hutoka kwenye maji. Kiasi chake kwa kila moli ya chumvi huitwa entalpi ya kumumunyika, ΔH. Kalorimita hukipima moja kwa moja. Ipo pia njia isiyopima joto hata kidogo, ambayo huangalia tu maji hubeba chumvi kiasi gani katika kila halijoto.

Njia hiyo imesimama juu ya msawazo. Mmumunyo ulioshiba, wenye fuwele zilizotuama chini, huonekana umetulia lakini haujatulia. Kila wakati ioni hubanduka kwenye fuwele na nyingine hurudi kujipanga, kwa kasi ileile. Kwa kuwa shura hutoa ioni moja ya kila aina, kisobadilika cha msawazo, K, ni mraba wa umumunyifu: K = m², ambapo m ni moli za chumvi katika kilo moja ya maji.

Jaribio lenyewe ni la vifaa vichache. Gramu 10 za shura hutiwa kwenye neli pamoja na gramu 10 za maji, kisha neli hupashwa moto ndani ya bika la maji hadi chembe ya mwisho ipotee. Huachwa ipoe polepole huku ikikorogwa, na jicho likiwa kwenye kioo. Karibu na nyuzi 57 za Selsiasi vijisindano vyeupe vya kwanza humetameta, na halijoto huandikwa hapohapo. Gramu 5 za maji zikiongezwa na kazi kurudiwa, fuwele hungoja hadi karibu nyuzi 41. Chumvi hupimwa mara moja tu. Kinachobadilika ni maji. Hatari kubwa ni haraka. Mmumunyo usiokorogwa huweza kupoa nyuzi kadhaa chini ya kiwango cha kushiba bila kutoa fuwele hata moja, kisha zote zikaanguka kwa mkupuo. Neli iliyoachwa wazi nayo hupoteza mvuke, na hesabu ya maji huharibika kimyakimya.

Mlinganyo unaogeuza vipimo hivyo kuwa nishati hubeba jina la Mholanzi Jacobus van 't Hoff, mtu wa kwanza kupata Tuzo ya Nobel ya kemia, mwaka 1901:

ln K = −ΔH/RT + ΔS/R

R ni 8.314 J/(mol·K), na T huhesabiwa kwa Kelvini. Grafu ya ln K dhidi ya 1/T hutoa mstari ulionyooka, au unaokaribia kunyooka. Mteremko wake ni −ΔH/R. Pale unapokata mhimili wa wima ni ΔS/R, yaani entropi, kipimo cha jinsi ioni zilivyotawanyika zikilinganishwa na mpangilio wa fuwele. Nishati huru ya Gibbs hupatikana katika kila halijoto kwa ΔG = −RT ln K.

Kwa majedwali ya kawaida, gramu 100 za maji hubeba gramu 31.6 za shura kwenye nyuzi 20, na takriban gramu 110 kwenye nyuzi 60. Moli moja ya shura ina gramu 101.1, hivyo m ni 3.13 na 10.9. ln K hupanda kutoka 2.28 hadi 4.77, huku 1/T ikishuka kwa 0.00041. ΔH hutoka karibu kilojouli 51 kwa moli. Kwenye nyuzi 20, ΔG ni kilojouli −5.6 na ΔS ni karibu jouli 192 kwa Kelvini.

Hesabu ni safi, ila majibu si sahihi. Kalorimita, kwa mmumunyo mwepesi sana, husema ΔH ni kilojouli 34.9, na majedwali ya entropi hutoa karibu 116. Kosa halimo katika kipimajoto. Limo katika K = m², kwani mlinganyo wa van 't Hoff hautaki ukolezi bali ukolezi tendaji, na katika mmumunyo mzito ioni husongamana, huvutana na hata kushikana jozi jozi. Kwa shura yenye moli 3 katika kilo ya maji, kwenye nyuzi 25, kizidishi cha utendaji ni karibu 0.27 tu: ioni hutenda kama robo ya idadi yake. Kikitiwa hesabuni, K huporomoka chini ya 1 na ΔG hubadili alama, ikawa chanya kidogo. Hilo halimaanishi kwamba shura haimumunyiki. ΔG hii huhusu mmumunyo wa kufikirika wenye moli 1 kwa kilo, ambamo ioni hazigusani.

Kwa hiyo shura, inayopendwa maabara za mafunzo kwa sababu umumunyifu wake hupanda kwa kishindo, ni mwalimu mzuri wa mbinu na shahidi mbaya wa tarakimu. Alama ya ΔH na ya ΔS huitoa sawasawa. Ukubwa wake huutia chumvi.

Chumvi nyingine zina mteremko wa namna yake. Ile ya kula hupanda kutoka gramu 35.7 kwenye nyuzi 0 hadi 39.1 tu kwenye nyuzi 100, kwa kuwa ΔH yake ni ndogo, karibu kilojouli 4. Chokaa, hidroksidi ya kalsiamu, huenda kinyume: humumunyika ikitoa joto, na mteremko wa grafu yake hugeuka. Ndiyo maana maji ya chokaa yaliyoshiba yakiwa baridi, na meupe kama kioo, yakiwekwa motoni hutia ukungu.