Jiwe Tumelihifadhi, Sauti Je?

Huku kwetu Mbaraki nguzo ya kale ya matumbawe ingali imesimama, na sheria inailinda. Lakini urithi usiojengwa kwa mawe unalindwa na nani? Nakusudia sauti, na hasa sauti ya mwalimu wa kuimba.

Wazungu walilijibu swali hili kwa kalamu. Lilli Lehmann, mwimbaji wa opera wa Ujerumani aliyezaliwa mwaka 1848, alivuma jukwaani, kisha akawa mwalimu. Mwaka 1902 alitoa kitabu kinachoeleza namna ya kuvuta pumzi na kuitoa sauti. Alifariki mwaka 1929, lakini darasa lake halijafungwa.

Pwani yetu nayo haikukosa walimu. Fatuma binti Baraka wa Unguja, maarufu kwa jina la Bi Kidude, aliimba taarabu tangu ujanani, sikio lake likilelewa na nyimbo za Siti binti Saad, yule aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri za Kiswahili. Mwaka 2005 Bi Kidude alipewa tuzo ya kimataifa ya WOMEX. Hata hivyo, hakuwa mwimbaji tu, bali kungwi pia. Katika unyago aliwafunda wanawali kwa ngoma na nyimbo, wakajifunza miili yao, unyumba na adabu ya kuishi na watu. Alipofariki tarehe 17 Aprili 2013, mimi nilimlilia zaidi mwalimu.

Wapo watakaosema kwamba kanda zake zipo. Ni kweli, lakini kanda huhifadhi wimbo uliokwisha kuiva. Haituambii mwanafunzi alikosea wapi, wala mwalimu alimrudi vipi. Wengine watasema ya unyagoni hayatolewi hadharani. Nami siombi siri zitolewe. Naomba ihifadhiwe njia ya kufundishia.

Enyi walimu, wanafunzi wenu hujiandaa kwa mashindano ya muziki ya shule. Watumeni kwa bibi wa mtaani ajuaye kuimba. Wasimwombe maneno ya wimbo tu. Wamuulize ni nani aliyemfundisha, na alipokosea aliambiwa nini. Kisha wayaandike. Siti alifariki mwaka 1950, nasi twamjua vyema kwa sababu Shaaban Robert aliandika wasifu wake. Kazi hii haingoji fedha za wizara. Yataka daftari, na adabu ya kusikiliza, kabla mwenye kusimulia hajaondoka.